Kombe linalohamia magharibi

*Fainali ya Kombe la Ukraine ilikuwa ikizungushwa nchi nzima. Vita vimeifungia upande mmoja wa nchi, na klabu iliyolibeba mara nyingi kuliko zote haina uwanja wa kwao.*

Mikwaju mitano mitano ilikuwa imeshapigwa na mshindi hajapatikana. Mchezo ulikwisha kwa sare ya 1-1, na sasa Shakhtar Donetsk na Dynamo Kyiv walikuwa wameingia kwenye yale matuta ya kutegeana, ambayo mmoja akikosa na mwenzake akapata, habari imekwisha. Ubao uliposoma 6-5, Shakhtar ilikuwa imelibeba Kombe la Ukraine kwa mara ya 15.

Ilikuwa Jumatano, Mei 14, 2025. Ukikutana na shabiki wa Dynamo atakukumbusha haraka kwamba msimu ule timu yake ilicheza mechi 30 za Ligi Kuu bila kupoteza hata moja, na ubingwa ikachukua. Ni kweli kabisa. Lakini kombe lilikwenda kwa watani.

Kinachoshangaza zaidi ya matuta yenyewe ni mahali yalipopigwa. Fainali ile ilichezwa Zhytomyr, mji wa mkoa ulio kilomita 140 hivi magharibi ya Kyiv, kwenye uwanja wa klabu ya Polissya wenye viti visivyofika 6,000. Na kule Kyiv upo Uwanja wa Olimpiyskiy, viti 70,050, ule ambao Hispania iliichapa Italia 4-0 kwenye fainali ya Euro 2012 na Real Madrid ikaifunga Liverpool 3-1 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018. Mchezo wa vigogo wawili wa nchi ukapelekwa kwenye uwanja ambao mashabiki wake wote wangeenea kwenye kona moja ya Olimpiyskiy.

Mwaka mmoja kabla, Mei 15, 2024, ilikuwa Rivne, mbali zaidi kuelekea magharibi. Huko Shakhtar iliifunga Vorskla Poltava 2-1.

Tiketi kwa kipimo cha handaki

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote, Februari 24, 2022, soka la nchi hiyo lina sheria moja ambayo haimo kwenye zile 17 tunazozijua. King'ora cha tahadhari ya anga kikilia, mwamuzi anapuliza kipenga na mchezo unasimama papo hapo. Wachezaji, makocha, waokota mipira, waandishi, wote wanashuka handakini na kukaa humo mpaka itangazwe kwamba hatari imepita. Wakirudi wanapasha misuli dakika chache, kisha mchezo unaendelea kuanzia dakika ulipokatikia.

Agosti 2022, ligi ikiwa ndiyo kwanza imerudi, Rukh Lviv na Metalist Kharkiv walianza mchezo wao saa 9:00 alasiri. Kipenga cha mwisho kilipulizwa saa 1:27 usiku. Ni saa nne na dakika 27 kwa mchezo wa dakika 90, na misuli ya wachezaji ilipoa na kupashwa upya kila walipotoka chini ya ardhi. Hiyo ilikuwa Lviv, si mbali na mpaka wa Poland, mji ambao watu wa mashariki walikuwa wakiukimbilia.

Msimu ule mashabiki walifungiwa milango. Waliporuhusiwa kurudi, hesabu ya tiketi ilibadilika: haiulizwi tena viwanjani kuna viti vingapi, bali handaki linabeba watu wangapi. Uwanja wa viti 70,000 wenye hifadhi ya watu elfu chache ni uwanja wa watu elfu chache, na majukwaa yake yote yaliyobaki ni zege tupu linalopigwa picha.

> *Haiulizwi viwanjani kuna viti vingapi. Inaulizwa handaki linabeba watu wangapi.*

Kwa hesabu hiyo Zhytomyr haionekani tena kichekesho. Binafsi naona ni afadhali uwanja mdogo uliojaa kuliko uwanja wa Ulaya wenye mwangwi. Isitoshe, Dynamo ikicheza fainali Kyiv, mwenzake yeyote ni mgeni.

Miaka ya Kyiv, miaka ya mikoani

Kombe hili lilianza 1992, Ukraine ikiwa haijatimiza hata mwaka tangu itangaze uhuru wake. Chornomorets ya Odesa iliifunga Metalist ya Kharkiv 1-0 katika muda wa nyongeza, bao la Illya Tsymbalar. Kwa miaka 16 mfululizo fainali ikawa ya Kyiv tu. Mwaka 2008 ikaanza kutembezwa: Kharkiv, Dnipro, Sumy, Poltava, Lviv, Zaporizhzhia, Ternopil, huku Kyiv ikipata zamu yake mara mojamoja.

Uzungushaji huo ulileta vituko vizuri. Cha 2009 bado kinasimuliwa Poltava. Mei 20 mwaka huo Shakhtar, chini ya Mircea Lucescu wa Romania, ilitwaa Kombe la UEFA mjini Istanbul kwa kuifunga Werder Bremen 2-1. Haikuwahi kutokea klabu ya Ukraine huru kubeba kombe la Ulaya. Yale ya Dynamo ya 1975 na 1986 yalibebwa chini ya bendera ya Kisovieti. Siku 11 baadaye wababe hao wakaingia uwanjani Dnipro kucheza na Vorskla, klabu ya mkoani ambayo kabati lake la makombe lilikuwa halina kitu. Mwalimu wa Vorskla alikuwa Mykola Pavlov. Vasyl Sachko akafunga mapema kipindi cha pili, Vorskla wakarudi nyuma wakaziba, na mabingwa wa Ulaya wakatoka vichwa chini kwa 1-0.

Mwaka uliofuata, mjini Kharkiv, Tavriya ya Simferopol iliifunga Metalurh Donetsk 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Tavriya si jina dogo. Ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Ukraine, 1992, kwa kuifunga Dynamo 1-0 katika mchezo wa kuamua bingwa mjini Lviv. Urusi ilipoinyakua Crimea mwaka 2014, klabu hiyo ilisambaratika. Mwaka 2016 ikafufuliwa nje ya rasi, katika mji wa Beryslav mkoani Kherson. Mwaka 2022 majeshi ya Urusi yakaikalia Beryslav pia. Metalurh Donetsk nayo ilivunjwa 2015. Yaani fainali ya 2010 ina washiriki wawili na hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani kwake.

Ramani yenye upande uliofungwa

Hebu chukua ramani ya Ukraine, uweke alama kila mji uliowahi kupokea fainali hii. Kharkiv inapata alama tano: 2008, 2010, 2013, 2017 na 2020. Hakuna mji nje ya Kyiv uliopewa heshima hiyo mara nyingi hivyo. Leo Kharkiv iko kilomita 30 na kitu kutoka mpaka wa Urusi, na kombora likirushwa kutoka ng'ambo linaweza kutua kabla king'ora hakijamaliza kulia. Fainali haiwezi kurudi huko.

Sumy, iliyopokea fainali ya 2011, nayo iko jirani na mpaka. Aprili 13, 2025, Jumapili ya Matawi, makombora yaliua watu zaidi ya 30 katikati ya mji huo. Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla ya matuta ya Zhytomyr. Zaporizhzhia, iliyopokea fainali ya 2019, inasikia mizinga ya mstari wa mbele. Poltava, ya 2014, ilipigwa Septemba 3, 2024 na zaidi ya watu 50 wakafa kwenye chuo cha kijeshi.

Futa hizo zote. Ukiacha Dnipro, alama zinazobaki ziko Kyiv na magharibi yake.

Hata huko magharibi hakuna usalama wa kweli. Ternopil, iliyoandaa fainali ya 2021 ambamo Dynamo iliifunga Zorya Luhansk 1-0 katika muda wa nyongeza, ilishambuliwa Novemba 19, 2025. Makombora yaliangukia majengo ya makazi na kuua zaidi ya watu 30. Tofauti ya magharibi na mashariki ni muda tu: magharibi king'ora kinakupa dakika za kushuka ngazi, mashariki kinakupa sekunde.

Poltava, siku nne baada ya kura

Safari ya kuelekea magharibi haikuanza 2022. Fainali ya Mei 15, 2014 ilichezwa Poltava, siku nne tu baada ya wanaotaka kujitenga kuendesha kura yao huko Donetsk, kura ambayo dunia haikuitambua. Dynamo ilishinda 2-1. Lakini matokeo yale ni kama tanbihi. Shakhtar ilikuwa imecheza mchezo wake wa mwisho katika uwanja wake wa Donbass Arena Mei 2, ikaifunga Illichivets Mariupol 3-1, na mpaka leo haijarudi.

Dynamo nayo ilikuwa imepitishwa kwenye moto wake. Januari ya mwaka huo, waandamanaji na polisi walipambana katika Mtaa wa Hrushevskyi mjini Kyiv, na matairi yalichomwa kwenye lango lenyewe la uwanja unaobeba jina la Valeriy Lobanovskyi, kocha mkuu kuliko wote katika historia ya klabu hiyo. Mwezi uliofuata vikundi vya mashabiki sugu wa klabu mbalimbali, watu waliokuwa wakivunjana mbavu kila wikiendi, vilitangaza kusitisha ugomvi. Wengi wao baadaye walikwenda vitani bega kwa bega.

Kwangu mimi fainali ya ajabu kuliko zote ni ya Mei 2016 mjini Lviv. Shakhtar ya Donetsk ilikutana na Zorya ya Luhansk. Wote wawili ni wa Donbas, wote wawili walikuwa ukimbizini, Shakhtar ikichezea mechi zake hapo Lviv na Zorya ikichezea Zaporizhzhia. Kwa hiyo dabi ya mashariki ilipigwa karibu na Poland. Shakhtar ilishinda 2-0, Lucescu akaaga baada ya miaka 12, na miaka minne baadaye akazua kizaazaa kwa kukubali kuinoa Dynamo. Mashabiki wa Dynamo walimpinga kwa nguvu. Msimu wake wa kwanza akawaletea ligi na kombe, na kelele zikapungua.

> *Makombe 6 kati ya 15 ya Shakhtar yametwaliwa klabu ikiwa ukimbizini.*

Hesabu yenyewe: 2016, 2017, 2018, 2019, 2024, 2025. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopelekwa Donetsk kuonyeshwa kwa watu wake. Donbass Arena, iliyofunguliwa 2009 na kuchukua watu zaidi ya 50,000, ilipigwa mizinga mwaka 2014. Baadaye ikageuzwa kituo cha kugawia vifurushi vya chakula cha msaada kutoka kwa mfuko wa mwenye klabu, tajiri Rinat Akhmetov, mpaka waliojitenga walipoichukua mwaka 2017. Jina Shakhtar maana yake ni mchimba migodi, na nembo ya klabu ina nyundo mbili zilizopishana. Timu inavaa nembo hiyo katika miji isiyo na mgodi hata mmoja.

Mpira ulale au uchezwe?

Hapa ndipo pande zinapovutana, na wenye hoja wako pande zote mbili.

Msimu wa 2021/22 kombe liliachwa njiani likiwa hatua ya robo fainali. Msimu uliofuata halikufanyika kabisa, ingawa ligi ilichezwa. Lilirudi 2023/24. Tangu lirudi, swali halijaisha: vijana wenye nguvu wanakimbiza mpira kwa mshahara huku wenzao wa umri uleule wako kwenye mahandaki ya aina nyingine, kuna haki gani hapo?

Swali lilipata makali zaidi Aprili 2024, Rais Volodymyr Zelensky alipotia saini sheria ya kushusha umri wa kuitwa jeshini kutoka miaka 27 hadi 25. Sheria ya hali ya vita ya 2022 nayo iliwazuia wanaume wengi wa miaka 18 hadi 60 kuvuka mpaka. Mchezaji anayekwenda kucheza Ulaya na klabu yake anavuka kwa kibali. Mama mwenye mtoto mstari wa mbele akimwona winga anapita mpakani na begi la viatu, huwezi kumlaumu akiuliza.

Wa upande wa pili wanasema ligi iliyolala haiamki. Mfano wanao. Desna ya Chernihiv, ambayo uwanja wake ulibomolewa kwa mabomu Machi 2022, na FC Mariupol, ambayo mji wake wote uliharibiwa, hazikurudi ligi ilipoanza tena. Nao wanataja fedha. Januari 2023 Shakhtar ilimuuza Mykhailo Mudryk Chelsea kwa euro milioni 70, na nyongeza inayoweza kufika milioni 30. Akhmetov akaahidi dola milioni 25 kwa ajili ya askari na familia zao. Winga mmoja amechangia vita kuliko angechangia akiwa na bunduki, ndivyo wanavyojenga hoja.

Mimi naegemea kwa wanaotaka uchezwe. Lakini hoja ya Mudryk inabeba klabu zenye Mudryk. Haiwezi kumtetea kila beki wa akiba wa timu ya mkiani.

Juu ya hayo yote kuna ugomvi na FIFA. Vita vilipoanza, shirikisho hilo liliruhusu wachezaji wa kigeni kusimamisha mikataba yao Ukraine na kwenda kwingine bila ada. Shakhtar, iliyokuwa na Wabrazili zaidi ya kumi kikosini, ilidai fidia ya takriban euro milioni 40 na kulipeleka shauri kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Januari 2023 ikashindwa.

Mtanzania katika jezi ya chungwa

Pengo waliloliacha wachezaji hao wa kigeni ndilo lililofungua mlango kwa kijana wetu. Mwaka 2023 Novatus Dismas Miroshi, zao la Azam FC, alitolewa kwa mkopo na Zulte Waregem ya Ubelgiji kwenda Shakhtar. Wabrazili wengi walikuwa wameondoka, klabu ikawa inatafuta vijana walio tayari kuja. Akacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, kundi la Barcelona, Porto na Antwerp, ambalo "nyumbani" kwa Shakhtar kulikuwa Hamburg, Ujerumani. Msimu ule ndio Shakhtar ilitwaa ligi na lile kombe la Rivne, kisha Novatus akahamia Göztepe ya Uturuki. Watanzania waliokuwa wakifuatilia mechi zake walijifunza haraka kwa nini mchezo wa ligi unaweza kuanza mchana na kuisha usiku.

Wawili wamelihodhi

Liko jambo ambalo vita havikulileta. Hadi ile ya 2025 zimechezwa fainali 32. Shakhtar imeshinda 15, Dynamo 13, na makombe manne tu ndiyo yamewaponyoka: mawili ya Chornomorets, moja la Vorskla, moja la Tavriya. Wawili hao wamekutana wenyewe kwa wenyewe fainali 11.

Mwaka 2019 Inhulets, klabu ya Petrove, kijiji kikubwa chenye watu kama 7,000, ilifika fainali ikitokea daraja la pili. Hakuna klabu ya nje ya Ligi Kuu iliyokuwa imewahi kufika hapo. Shakhtar ikaipiga 4-0 bila huruma. Vita vimewaongezea wakubwa nguvu, kwa sababu mwenye fedha za Ulaya ndiye anayeweza kusafiri, kulipa, na kuhama tena. Tangu Januari 2024 Chama cha Soka cha Ukraine kinaongozwa na Andriy Shevchenko, aliyepata kulibeba kombe hili akiwa mshambuliaji wa Dynamo. Anaujua utawala wa wawili hao kutoka ndani.

Faida kubwa ya kombe kwa mshindi ni tiketi ya Europa. Mwaka 2025 ilikuwa na uzito wa pekee: Shakhtar ilimaliza ligi nafasi ya tatu, nyuma ya Dynamo na Oleksandriya, na bila yale matuta ya Zhytomyr ingeangukia Conference League.

Tiketi ikatumika hivi. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 2022, kwa hiyo kila safari ya Ulaya huanza kwa barabara au reli hadi nje ya mpaka, kabla hata uwanja wa ndege haujaonekana. Julai, Shakhtar ilikwenda Ljubljana, Slovenia, "nyumbani", ikaifunga Ilves ya Finland 6-0. Ikaitoa Beşiktaş, mechi ya marudiano ikichezwa Kraków, Poland, nako "nyumbani". Agosti ikakutana na Panathinaikos ya Ugiriki: sare tasa Athens, sare tasa Kraków, matuta tena. Safari hii wakakosa, wakashushwa Conference League.